SOMO LA BIDII: "HATAKI" NA "HAWEZI"

Masomo: Mithali 24:30-34, Ruthu 2, 2 Wathesalonike 3:6-13



Mkulima wa pamba hapa Bariadi hahitaji kufundishwa maana ya jasho. Mvua za Novemba na Desemba zikinyesha, hupanda. Kisha hupunguza miche, hupalilia, hupiga dawa, na kuanzia Mei au Juni huchuma kwa mkono, kitumba kimoja kimoja. Akiisha kuvuna bado hajamaliza: sharti ang'oe miti ya pamba na kuichoma, ili wadudu wasipate maficho hata msimu ujao. Basi, kwa nini tujifunze habari za bidii? Kwa sababu mara nyingi tunalifanya neno hili kuwa fimbo ya kuwachapia wengine.

1. Shamba la mvivu
Mwenye hekima alipita kando ya shamba la mvivu, akaona miiba imeota na ukuta wa mawe umebomoka. Angalieni: hakuna adui aliyelivamia. Liliharibiwa na usingizi kidogo na kuahirisha kidogo. Uvivu hauji kwa kishindo. Tena haumdhuru mwenyewe peke yake. Aachaye miti ya pamba shambani hufuga wadudu watakaokula pamba ya jirani.

2. Bidii na uaminifu
Mtu aweza kutoka jasho na bado kazi yake isimpendeze Mungu. Atiaye maji au mchanga katika pamba ili izidi uzito amefanya kazi, lakini ameiba. Katika Wakolosai 3:23 Paulo anatuagiza kufanya kazi kwa moyo, kama tunaomtumikia Bwana. Karani wa mizani aweza kudanganywa, Bwana hadanganywi.

3. Neno moja la Paulo
Kule Thesalonike walikuwapo waliokaa bure na kujiingiza katika mambo ya watu. Paulo, aliyekuwa fundi wa kushona mahema, aliwakemea kwa ukali: mtu asiyetaka kazi asile. Someni tena polepole. Hakusema asiyeweza, wala aliyekosa. Mjane mgonjwa, mzee aliyeishiwa nguvu, na mkulima aliyepalilia vizuri kisha mvua ikakatika, hao hawamo katika kemeo lile.

Nami nilikosea hapo. Nilipokuwa nikifundisha darasa la nne, mtoto mmoja alisinzia kila siku katika kipindi cha hesabu. Nikamwita mvivu mbele ya wenzake. Hakujibu neno. Asubuhi moja, msimu wa kulima, nilipita njia ya mashambani kabla jua halijachomoza, nikamwona akiongoza ng'ombe wa plau. Ndivyo alivyofanya kila siku kabla ya kuja shule. Darasani mwangu hapakuwa na mtoto wa kumzidi kwa bidii, na huyo ndiye niliyemwaibisha. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile. Lakini neno likitoka halirudi.

4. Ruthu na Boazi
Ruthu aliokota masazo tangu asubuhi hata jioni, akampelekea mkwewe Naomi. Hiyo ni bidii. Lakini Boazi naye alikuwa na wajibu wake: Torati ilimwamuru asivune pembe za shamba wala asirudie masazo, ili maskini na mgeni wapate (Walawi 19:9-10). Naye alizidisha; aliwaambia watumishi wake wamwachie Ruthu masuke makusudi. Sura hiyo hiyo ya Walawi, mstari wa 13, inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hata asubuhi. Basi, tajiri amwitaye kibarua mvivu na huku hajamlipa palizi ya mwezi uliopita, ajisomee mwenyewe kwanza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Tushike jembe tulilopewa, tumalize mstari wetu, kisha tumtazame jirani kwa huruma kabla ya kumpa jina.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni kazi gani uliyoianza mwaka huu na hujaimaliza?
2. Nani nyumbani kwako huamka wa kwanza na kulala wa mwisho? Je, ulimshukuru?
3. Je, yupo uliyemwita mvivu kabla ya kujua habari zake? Utafanya nini juma hili?