Maziwa Mazito ya Tende: Mapishi na Usalama Wake
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Kwa nini tupike wenyewe?

Maziwa mazito matamu ya kopo yamezoeleka kwenye chai, keki na pudini. Karibu nusu ya uzito wa kopo hilo ni sukari iliyoongezwa kiwandani. Kijiko kimoja cha mezani kina takriban gramu 10 za sukari, ikiwemo ile ya maziwa yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25. Sukari ikizidi kila siku huozesha meno, huongeza uzito, na uzito huo hufungua mlango wa kisukari cha ukubwani.

Tende zinaweza kuchukua nafasi ya sukari hiyo. Sokoni hupatikana kwa wingi, hasa Ramadhani ikikaribia, na zina nyuzinyuzi ambazo sukari ya mezani haina. Kijiko cha mezani cha maziwa tunayoyaeleza hapa kina gramu 3 hadi 4 tu za sukari.

Mahitaji

- Maziwa mabichi ya ng'ombe au ya pakiti, lita 1, yasiyoanza kuchacha
- Tende laini gramu 100, yaani kama 12 ndogo
- Hiliki 3 zilizotwangwa, ukipenda
- Chumvi, ncha ya kijiko

Namna ya kupika

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha sufuria pana, mwiko, chujio na chupa ya kuhifadhia. Chemsha chupa hiyo kwa dakika 10.
2. Chemsha maziwa mpaka yafure, huku ukikoroga. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na vya ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao pia huwapata watu. Usiruke hatua hii.
3. Toa kokwa za tende. Teka nusu kikombe cha maziwa ya moto, loweka tende humo kwa dakika 20, kisha saga kwa blenda au ponda kwa kinu. Chuja maganda magumu.
4. Chovya kijiti safi kwenye maziwa yaliyobaki mpaka chini ya sufuria, uweke alama yanapofikia, na alama nyingine katikati ya hapo na ncha ya chini. Punguza moto. Acha maziwa yatokote taratibu bila kufunika, ukikwangua chini na pembeni kila mara ili yasiungue.
5. Yakishuka chini kidogo ya alama ya katikati na kuganda mgongoni mwa mwiko, epua. Kwa kawaida huchukua dakika 45 hadi saa 1.
6. Acha yapoe kidogo. Tia rojo ya tende kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, kisha hiliki na chumvi. Rudisha kwenye moto mdogo kwa dakika 2 au 3, mpaka yatoe mvuke, bila kuyatokosa. Maziwa yaliyoanza kuchacha hukatika hapa, ndiyo maana tunaanza na maziwa mapya.

Ukitaka kubana mkaa au gesi, koroga kikombe 1 cha maziwa ya unga kwenye nusu kikombe cha maji yaliyochemka, kisha ongeza rojo ya tende. Soma kwanza maandishi ya pakiti: ukiona sukari imeorodheshwa kati ya viambato, chagua nyingine.

Hayawezi kukaa kama ya kopo

Sukari ya kwenye kopo ina kazi ya pili: ndiyo inayozuia vijidudu kuota. Tulipoiondoa, tuliondoa na ulinzi huo. Yahesabu maziwa haya kuwa chakula kinachoharibika haraka. Yafunike, yapoze haraka kwa kuweka chupa kwenye maji baridi, kisha yatie kwenye friji. Yatumie ndani ya siku 3, na kila mara teka kwa kijiko safi. Yasikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Kwenye joto kali la pwani, saa 1 yatosha. Kama huna friji, pika robo lita tu na uimalize siku hiyo hiyo. Yakinuka, yakikatika au yakitoa povu, mwaga.

Nani awe mwangalifu?

*Mtoto wa chini ya mwaka 1:* usimpe maziwa haya wala ya kopo badala ya maziwa ya mama. Miezi 6 ya kwanza anyonye tu. Mwaka 1939, daktari Cicely Williams alihutubia mjini Singapore akilaani uuzaji wa maziwa matamu ya kopo kama chakula cha watoto wachanga, maana alikuwa ameona madhara yake. Usitumie asali pia kwa mtoto wa chini ya mwaka 1: inaweza kuwa na vijidudu vinavyopooza misuli yake.

*Mwenye kisukari:* tende ni sukari pia. Theluthi mbili za uzito wake ni sukari, na maziwa yaliyopikwa hadi kukolea yana sukari yake ya asili. Pima kijiko, zungumza na mhudumu wako wa afya, au pika bila tende, kwa hiliki peke yake. Asali nayo, ukiitumia badala ya tende, huhesabiwa sawa na sukari.

*Anayevimbiwa akinywa maziwa:* aanze na kijiko kimoja au aache.

Tumia hivi

Kijiko kimoja cha mezani kwenye kikombe cha chai au bakuli la uji, bila kuongeza sukari nyingine. Watoto wasukutue kinywa kwa maji baadaye, na wasugue meno kabla ya kulala. Mtu akiharisha au kutapika baada ya kula, mpe maji ya chumvi na sukari maalumu (ORS) mara moja. Mtoto mdogo, mjamzito au mtu mwenye damu kwenye choo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.