Waziri Mbele ya Wajumbe

Katika mji wa London, kando ya mto Thames, imo nyumba ya Bunge wakutanamo wajumbe waliochaguliwa na watu. Tangu mwaka 1885 yuko waziri asimamiaye mambo ya Uskoti, na siku yake ifikapo hana budi kusimama na kuulizwa. Swali la kwanza hupelekwa siku chache mbele. Jibu lake husomwa tu, wala si kazi ngumu. Lakini mjumbe akiisha kujibiwa, aweza kuuliza la pili, nalo halikuandikwa. Hapo ndipo ionekanapo kama waziri ajua hali ya mvuvi wa visiwa vya Shetland, au ajua karatasi zake tu. Tangu mwaka 1999 Waskoti wana bunge lao Edinburgh, na mengi huulizwa huko. Hata hivyo waziri wa London angali huulizwa.