Somo: Mwani, matope na zile franga za kaboni

Ndugu wanachama, siku hizi katika mikutano ya koperative neno "kaboni" halikosekani. Wengine wanatuuliza: ule mwani unaojaa katika visima vyetu vya samaki, unaweza kutuletea franga? Tuone kwanza namna mambo yanavyokwenda.

Mwani ni mimea midogo sana ya majini. Ndio unaofanya maji ya kisima kuwa ya kijani tukiisha kutia samadi. Sawa na mgomba, unatumia mwangaza wa jua na kuvuta hewa ya ukaa, tena unakua mbio sana. Lakini maisha yake ni siku chache tu. Ukifa na kuoza juu ya maji, au samaki wakiula, sehemu kubwa ya ile kaboni inarudi hewani. Kuvuta ni jambo moja, kuweka ni lingine.

Kinachoweka ni matope. Pwani, mizizi ya mikoko inapunguza mwendo wa maji; mwani uliokufa, majani na udongo vinazama pamoja. Mule ndani oksijeni haiingii, basi kuoza kunakwenda polepole na kaboni inakaa mamia ya miaka. Tena maji ya chumvi yanazuia vile vijidudu vinavyotengeneza metani. Congo yetu inayo mikoko kule Moanda, inayolindwa tangu 1992. Kenya, kwenye ghuba ya Gazi, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 na kuuza karibu tani 3 000 kwa mwaka. Feza inasaidia maji na shule. Angalieni vizuri: wanalipwa kwa kulinda na kupanda miti, si kwa mwani.

Sisi wa Kivu maji yetu hayana chumvi. Matope ya kisima yanatoa metani, gazi ile ile ya Ziwa Kivu, na hiyo inapasha dunia joto kupita hewa ya ukaa mara zaidi ya 25. Kwa hiyo mtu akija kuwaambia mchimbe visima vya mwani ili muuze kaboni, muulizeni: itakaa wapi, miaka mingapi, nani atapima, na kupima kutalipwa na nani? Akikosa jibu, hapana kutia sahihi, hata kama ameleta soda za kutosha.

Kaboni tuliyo nayo kweli iko chini ya mafunjo, katika ule udongo mweusi wa bwawa. Mkichimba mifereji na kukausha bwawa lote, hewa inaingia, udongo unaoza na kushuka, na wakati wa kiangazi unaweza kuwaka moto chini kwa chini. Limeni pembeni, acheni mafunjo kandokando ya mto, msiyachome. Na siku ya kutoa maji kisimani, yale matope pelekeni kwenye migomba mapema, yakiwa bado mabichi.