Somo: Kompyuta ya Michezo Inapofunga Programu Mara kwa Mara

Mchezo hujifunga ghafla, skrini huganda, au kompyuta nzima huzimika. Mtumiaji huambiwa kwamba kadi ya michoro imeharibika na lazima inunuliwe nyingine. Kadi hiyo aghalabu ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote katika kompyuta ya michezo, ilhali dalili hizo hizo huweza kuletwa na vumbi tu. Tafuta chanzo kwanza, ndipo utoe fedha.

1. Soma dalili

• Mchezo mmoja tu hujifunga: shuku mafaili yake. Yakague au uuweke upya.
• Michezo yote hujifunga, lakini Windows hubaki: shuku programu endeshi ya kadi ya michoro, au kumbukumbu.
• Kompyuta nzima huzimika bila ujumbe wowote: shuku kwanza joto au umeme.

2. Joto, vumbi na chumvi

Wakati wa Kaskazi joto la mchana Unguja hupita nyuzi 30, na feni haiwezi kuipoza kompyuta kuliko hewa ya chumbani. Katika nyumba za Mji Mkongwe huongezeka vumbi la chokaa ya kuta, na upepo wa bahari huleta chumvi inayotia kutu viungio.

Ikiwa dhamana ingali hai, soma masharti yake kabla ya kufungua kasha. Kama inaruhusiwa, zima kompyuta, chomoa waya, kisha ondosha vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, huku ukizuia feni isizunguke. Usiibane kompyuta ukutani. Pima joto wakati wa kucheza: prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapofikia nyuzi 90 hadi 100, na joto likizidi kompyuta hujizima.

3. Umeme

Unguja hupokea umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Waya ulipoharibika, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waliomudu walitumia jenereta. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, lakini umeme wa nyumbani bado huweza kupanda na kushuka.

Angalia taa. Zikififia friji au kiyoyozi kinapoanza, na papo hapo kompyuta ikazimika, chanzo huenda kiko nje ya kompyuta. Stabilaiza husawazisha umeme, lakini haisaidii unapokatika. Kwa hilo hutumika UPS yenye wati za kutosha. Usiunganishe kompyuta moja kwa moja na jenereta ndogo. Pia hakikisha kwamba pawa saplai ina wati zinazotakiwa na kadi ya michoro.

4. Kumbukumbu na rekodi

Katika sehemu ya kutafutia ya Windows, andika mdsched ili upime kumbukumbu. Ukiandika perfmon /rel, utaona orodha ya programu zilizofeli, pamoja na tarehe zake. Kama kuna vipande viwili vya kumbukumbu, jaribu kimoja kimoja.

5. Badilisha jambo moja kwa wakati

Ukisafisha, ukabadilisha programu endeshi na kuhamisha soketi siku moja, hutajua kilichosaidia. Andika tarehe, saa, mchezo uliokuwa ukichezwa, na jambo ulilobadilisha.

6. Kabla ya kulipa

Mwombe fundi akuoneshe kipimo chake, aandike kasoro na bei kabla ya kuanza kazi, na akurejeshee kifaa alichokitoa. Unaponunua kompyuta iliyotumika, omba ichezeshwe mchezo mzito kwa nusu saa mbele yako. Hifadhi risiti na hati ya dhamana. Muuzaji akikataa kutimiza ahadi yake, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, pamoja na daftari lako la kumbukumbu.

Jipime

Kompyuta huzimika mchana tu, baada ya dakika ishirini za kucheza. Usiku haina tatizo. Je, utaanza kuchunguza sehemu gani, na kwa nini usinunue kadi mpya leo?