Wakristo wa Nyanchwa na Khabari ya Uchawi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), somo letu la leo lahusu suala ambalo watu wa miji yetu huulizana barazani: je, Wakristo wanauamini uchawi au hawauamini? Wako wasemao kuwa Mkristo aliyesoma huucheka, na wako wasemao kuwa huuogopa kama mtu mwingine ye yote. Kauli zote mbili zina upungufu. Ili tusihukumu kwa kusikia, tumechagua mahali pamoja tupatazame, napo ni Nyanchwa, katika nchi ya Wakisii.

Nyanchwa ni kilima kilicho kando ya mji wa Kisii, magharibi ya Kenya. Waadventista Wasabato walifika Gendia, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1906, na kabla ya Vita Vikuu vya 1914 walikuwa wamekwisha kujenga misheni Nyanchwa. Wakatoliki nao walikaa Nyabururu, si mbali na hapo. Mpaka leo Nyanchwa ni kituo kikubwa cha Wasabato, kina kanisa na skuli.

Wamishenari waliwakuta Wakisii wana sababu mbili kubwa za kuelezea maradhi na misiba. Ya kwanza ni mizimu ya wazee waliokufa, waiitayo ebirecha. Ikisahauliwa hukasirika na hutaka kuchinjiwa. Ya pili ni mchawi, omorogi, ambaye husemwa kuwa hutembea usiku uchi, amechukua chungu cha moto, na kwamba hufukua maiti. Aliyepatwa na msiba alimwendea mpiga ramli, omoragori, naye ndiye aliyemwambia: hili ni la mizimu, au hili ni la mchawi.

Wasabato walijibu nini? Juu ya mizimu walikata shauri kabisa. Wao hufundisha, kwa kutegemea kitabu cha Mhubiri sura ya 9, kuwa maiti amelala wala hajui lo lote mpaka siku ya kufufuliwa. Basi anayetokea na kudai kuwa ni babu aliyekufa si babu, bali ni shetani. Hata kile kisa cha Mfalme Sauli na mwanamke wa Endori, katika Samweli wa Kwanza sura ya 28, hukifasiri hivyo: aliyeonekana hakuwa Nabii Samweli. Kwa hiyo kuichinjia mizimu kukaharimishwa.

Ama uchawi, hawakuukanusha. Kitabu chao cha Kutoka, sura ya 22, chaamrisha mchawi asiachwe hai, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, chakataza ramli, uganga na kuwauliza wafu. Mafundisho yao basi ni haya: uchawi ni kazi ya Shetani, mwamini asiuendee wala asiuogope, bali aombe. Wakatoliki nao hukataza, na wana dua maalumu ya kumtoa pepo, ambayo padri haisomi bila ya idhini ya askofu. Makanisa ya Kipentekoste hufukuza pepo mbele ya watu wote kwa sauti kubwa. Wamekhitalifiana katika dawa, lakini hakuna katika hao asemaye kuwa Shetani hana kazi.

Hapa pana nukta ya kuzingatiwa. Katika zile sababu mbili za msiba, moja ilikatazwa na nyingine ikaachwa mahali pake. Zamani msiba ungeweza kumalizwa kwa mbuzi wa mizimu. Mkisii aliyebatizwa na kumwacha mbuzi, kama hakuridhika na kudra ya Mungu, alibaki na kumtafuta mtu. Hatusemi kuwa wahubiri walikusudia hayo. Twasema kuwa kumwambia mtu uchawi upo, bila ya kumfundisha kwa nguvu ile ile jinsi ya kuthibitisha jambo, ni kumpa nusu ya ilimu.

Na nusu ya ilimu imeleta msiba. Kati ya 1992 na 1994 makundi ya watu katika nchi ya Kisii yaliwachoma moto makumi ya watu waliosingiziwa uchawi. Mwezi wa Mei 2008 wakauawa 11, wengi wao wazee. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wakauawa wanawake wazee wanne. Haya yametokea katika nchi ambayo makanisa hujaa kila Jumamosi na kila Jumapili.

Wala mtu asidhani kuwa hili ni jambo la Waafrika peke yao. Ulaya ya Kikristo, baina ya karne ya 15 na ya 18, iliwaua kwa tuhuma hiyo watu wanaokadiriwa na wanahistoria kuwa baina ya 40,000 na 60,000. Uingereza ilibadili sheria yake mwaka 1735, ikawa kosa ni kudai kuwa na uwezo wa uchawi. Sheria ya Kenya ya 1925 ikafuata njia hiyo, ikaongeza kuwa kumtuhumu mwenzio uchawi, isipokuwa kwa kupeleka shauri serikalini, nako ni kosa.

Sasa msomaji asifurahi akasema, "Hayo ni ya Wakristo wa bara." Katika Kilifi, mlangoni petu, wazee wameuawa kwa sababu ya mvi zao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Huko Kaya Godoma, Ganze, wako wazee waliokimbilia kwa kuziogopa jamaa zao wenyewe. Na katika miji yetu ni nyumba ngapi ambazo mtoto akiugua hupigiwa ramli kabla ya kupelekwa hospitali, na mpiga ramli akataja jirani?

Sisi pia twaamini kuwa sihiri ipo. Sura ya al-Baqara, aya ya 102, imeitaja, na ikabainisha kuwa haimdhuru mtu ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Basi tofauti iwe wapi? Iwe katika ushahidi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Labid bin al-Aasam alimfanyia sihiri Mtume (S.A.W.). Mtume alipopona hakumwua wala hakumtangaza, kwa kuchukia kuamsha shari baina ya watu. Naye ni Mtume, aliyejulishwa kwa wahyi. Sisi twajulishwa na nani?

Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamesema kuwa kuua kwa sihiri hakuthubutu kwa mashahidi, kwani shahidi haoni nia ya mchawi wala athari ya kazi yake. Huthubutu kwa kukiri mwenyewe tu, mbele ya kadhi. Na kukiri kwa kupigwa si kukiri.

Katika somo hili tushike mambo matatu. Kwanza, neno la mpiga ramli si ushahidi katika dini wala mahakamani, na kumwendea ni haramu. Pili, mgonjwa apelekwe kwa tabibu na aombewe dua, wala asitafutiwe mkosa. Tatu, na hili ndilo zito: mzee akitajwa uchawi mtaani, anayenyamaza ana sehemu katika damu yake. Imamu na aseme juu ya mimbari, mwenye baraza na aseme barazani pake, na jirani asimame mlangoni pa mzee huyo, awe Mwislamu au asiwe, kabla kundi halijafika.

Wallahu aalam.