KUPOKEA FAMILIA INAYORUDI KUTOKA KAMPALA
Somo la robo hii kwa kamati za parokia na marafiki wa kazi yetu



Katika matoleo yaliyopita tumezungumzia visima, mikopo midogo na utunzaji wa wazee. Safari hii tunaleta jambo ambalo vigango vingi vya Bukoba na Muleba vinakutana nalo, lakini mara chache linaandikwa katika mpango wa mwaka: familia inayohama kutoka jiji lenye msongamano, ng'ambo ya mpaka, na kuja kuanza maisha mapya kwetu ambako kuna nafasi na utulivu. Tunatumia mfano wa familia moja tuliyoipokea katika kata ya Nyanga, pembezoni mwa mji wa Bukoba. Majina tumeyaacha kwa heshima yao. Tunakiri mapema kwamba tulikosea mahali fulani, na ndiyo sababu ya kuandika somo hili.

Njia ya zamani

Safari kati ya Kagera na Kampala si ngeni. Tangu enzi za ukoloni watu wetu walivuka kwenda Buganda kutafuta kazi na biashara, na lugha zetu ni za jamii moja. Vita vya mwaka 1978 na 1979 vilikata njia hiyo na kuacha makovu, hasa upande wa Kyaka na Mutukula. Kisha ukaja UKIMWI. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa katika mkoa huu wetu wa Kagera, na miaka iliyofuata wajane na yatima wengi walirudi majumbani bila kujua watapokelewaje.

Leo kusafiri ni rahisi zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliosainiwa mwaka 1999, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani Mutukula kilizinduliwa Novemba 2017. Mtu anaweza kutoka Kampala asubuhi na kulala Bukoba. Lakini kuvuka mpaka ni siku moja, na kuhamia ni kazi ya miaka.

Ilivyokuwa Nyanga

Baba wa familia hii alikuwa mzaliwa wa Nyanga, fundi seremala aliyekaa Kampala zaidi ya miaka 15. Mke wake ni Muganda kutoka Masaka. Walipanga chumba kimoja Bwaise, sehemu ya Kampala inayojulikana kwa mafuriko, na watoto wanne walilala nyuma ya pazia. Baba alipofariki, mama alijaribu kuendelea kwa kuuza chapati. Kodi ilimshinda. Mama mkwe wake, bibi mzee anayeishi peke yake katika kibanja cha Nyanga, alituma ujumbe mmoja tu: leteni wajukuu wangu.

Jumuiya ilifurahi, na sisi pia. Ndani ya mwezi mmoja tulipata msaada, tukanunua mabati 30 na mifuko ya saruji, tukachimba msingi nyuma ya nyumba ya bibi. Siku ya kuwapokea kulikuwa na ndizi, nyimbo na hotuba. Wiki ya tatu shemeji wa yule mama, mdogo wa marehemu, alikuja na jembe akaufukia msingi. Alisema kibanja ni cha ukoo, na watoto wa Kampala ni wageni.

Tulimwendea bibi tukiwa tumekasirika. Akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wanangu, mmeleta mabati kabla hamjaniuliza nyumba inakaa wapi."

Mabati yale yalikaa ghalani miezi 11. Wafadhili waliotoa fedha wana haki ya kulijua hilo.

Tunachojifunza kwa Naomi na Ruthu

Katika siku zile za aibu tulirudi kwenye kitabu cha Ruthu, tukakisoma kama kamati na si kama wahubiri. Njaa iliiondoa familia Bethlehemu ikaenda Moabu. Baada ya miaka kama kumi wanaume wote watatu walikuwa wamekufa, na Naomi akarudi mikono mitupu pamoja na mkwewe mgeni. Kwetu Nyanga ilikuwa tofauti kidogo: Naomi alibaki nyumbani, na Ruthu akaja peke yake na watoto.

Tuliona mambo mawili ambayo hatukuwahi kuyatilia maanani. Kwanza, kabla ya kitu chochote Ruthu alipata chakula cha kila siku kwa kuokota masazo shambani, kwa kazi ya mikono yake. Pili, suala la shamba halikumalizwa kwa huruma wala kwa siri. Boazi alikwenda langoni, akaketi na wazee kumi, akamwita ndugu wa karibu zaidi, na jambo likaamuliwa mbele ya mashahidi. Yule ndugu naye alipewa nafasi ya kusema hofu yake, kwamba urithi wake mwenyewe ungeharibika.

Sisi tulianza na mabati. Lango tulilipita.

Mambo matano ya kuzingatia

1. Ardhi kwanza, na hadharani. Tuliomba msamaha kwa shemeji, kisha tukaomba kikao cha ukoo, mwenyekiti wa mtaa akiwepo. Hofu yake ilikuwa ya kweli: ana vijana watatu na kibanja ni kidogo. Mila zilizoandikwa rasmi mwaka 1963 zilimpa binti sehemu ndogo ya mwisho, na zilimnyima mjane urithi endapo mume ameacha watu wa ukoo wake. Wazee wengi bado wanafikiri hivyo. Lakini mwaka 1990, katika kesi iliyotoka hapa Uhayani, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, huku ikimruhusu mwanaume, inapingana na haki za binadamu zilizo katika Katiba. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi.

Hata hivyo kuna mpaka mwingine. Kwa kawaida asiye raia hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliacha mambo ya ardhi yaongozwe na sheria za kila nchi. Kwa hiyo mama huyu hakuweza kuandikiwa kibanja. Watoto wake waliweza, kwa kuwa baba yao alikuwa raia aliyezaliwa hapa. Kikao kilikata sehemu kwa ajili yao, mama akiwa msimamizi hadi wakue. Shemeji mwenyewe ndiye aliyepanda milamula kwenye mpaka, na makubaliano yakaandikwa na kusainiwa. Kwa ndugu wa Muleba ambao wako kwenye ardhi ya kijiji, mambo haya yapitie pia halmashauri ya kijiji.

2. Karatasi kabla ya safari. Ni rahisi kupata cheti ukiwa bado Kampala kuliko kukifuata ukiwa Bukoba. Familia ije na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, cheti cha kifo, ripoti za shule, kadi za kliniki na barua ya mwenyekiti wa LC1 wa mahali walipoishi. Aliye kwenye dawa za kudumu aje na barua ya uhamisho na dawa za kutosha, na kamati isidai kujua zaidi ya anachotaka kusema. Vyombo vya nyumbani vilivyotumika viandikwe kwenye orodha, maana sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatoa nafuu kwa anayehamisha makazi. Mwenzi asiye raia amwone afisa uhamiaji mapema kuhusu kibali cha ukaazi. Watoto wakumbushwe kwamba Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima; wakifikisha miaka 18 watapaswa kuchagua.

3. Riziki ya mwaka wa kwanza. Hapa watu wa mjini huumia, na sisi wa shamba hatuoni. Bwaise mama alishika fedha kidogo kila jioni. Nyanga kahawa huleta fedha kwa msimu, na mgomba mpya huchukua zaidi ya mwaka kabla ya kuzaa mkungu. Katikati hapo familia itakula nini? Utulivu tunaousifu una upande wake wa pili: wateja ni wachache. Baada ya kuhangaika miezi mitatu, mama alipata meza ya chapati karibu na soko mjini, na jumuiya ikamkopesha unga wa kuanzia. Mkopo ameulipa wote. Tungemuuliza siku ya kwanza, angetuambia hicho ndicho alichohitaji.

4. Shule na lugha. Mtoto wa pili, miaka 12, alikuwa darasa la sita Kampala, akisoma kwa Kiingereza. Hapa shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili. Aliwekwa darasa la tano, na kwa miezi alikaa kimya, akaonekana mzito wakati hesabu zote alizijua. Mwalimu mmoja mwenye busara alimpa kazi ya kuwasomea wenzake Kiingereza, nao wakawa wanamsahihisha Kiswahili. Urafiki hasa uliletwa na senene. Novemba walipoanguka, watoto waligundua kwamba Waganda huwaita kwa jina lile lile kama Wahaya, na kwamba kijana wa Kampala ana mkono mwepesi kuliko wote. Kamati iongee na mwalimu mkuu kabla ya muhula kuanza, na mtoto apate msaada wa Kiswahili walau miezi sita.

5. Kutunza kibanja. Mtu akihama hupenda kubeba miche ya migomba ya kwao. Tafadhali, asifanye hivyo. Mnyauko bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001 na kufika kwetu mwaka 2006, ukianzia Muleba, na bado tunapambana nao. Wageni wafundishwe kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, kusafisha vifaa kwa moto au dawa ya klorini, na kung'oa shina lililougua. Wanaojenga wakumbuke pia tetemeko la Septemba 10, 2016: nyumba ifungwe mkanda wa zege, hata kama itakuwa ndogo.

Hali ilivyo sasa

Nyumba imesimama: vyumba viwili na mabati yale yale. Bibi anakula chakula cha moto na ana wa kumchotea maji. Yule kijana amemaliza darasa la saba na kuendelea na sekondari, ambako Kiingereza chake sasa kinamsaidia.

Lakini hatutaki kuwapa wafadhili hadithi iliyosafishwa. Binti mkubwa, mwenye miaka 19, hakuzoea. Alisema huku usiku ni mrefu mno. Alirudi Kampala kufanya kazi saluni, na mama yake hulia akimtaja. Hatukumwuliza binti huyo lolote tulipopanga safari. Tulimhesabu miongoni mwa "watoto wanne" katika maombi ya msaada. Wakati mwingine tutawaita vijana kwenye kikao wazungumze wenyewe. Na shemeji? Anasalimia, na msimu uliopita alisaidia kuanika kahawa. Hatusemi mioyo yote imepona.

Maswali ya kujadili katika kamati na jumuiya

1. Je, kwenye kigango chetu kuna familia iliyorudi kutoka Kampala, Mwanza au Dar es Salaam katika miaka mitano iliyopita? Nani aliitembelea baada ya sherehe ya kuipokea?
2. "Lango" letu ni wapi? Ni wazee gani na viongozi gani wa serikali lazima wawepo kabla ya kuchimba msingi?
3. Ndugu anayepinga ana hofu gani? Nani kati yetu anaweza kwenda kumsikiliza bila kumhukumu?
4. Katika bajeti yetu, ni kiasi gani kimetengwa kwa chakula na mtaji mdogo wa mwaka wa kwanza, ukilinganisha na vifaa vya ujenzi?
5. Tumewauliza mama na vijana wenyewe wanataka nini?

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mkiona kwenye ombi letu la robo ijayo nauli za wazee kwenda kikaoni, ada za vyeti na gharama za kumleta afisa ardhi, msidhani ni matumizi ya ofisi. Bila fungu hilo, mabati hubaki ghalani. Kamati inayotaka kutumia somo hili ituandikie kupitia paroko wake. Tutakuja kukaa nanyi, na kabla ya kushika tepu ya kupimia tutaanza kwa bibi mwenye kibanja.