Safari moja, makala nne: uza utafiti wako zaidi ya mara moja

Wauzaji wenzangu, wengi wenu mnauza nguo, viatu, mchele. Mimi niko Goweko, Uyui, na bidhaa yangu ni makala. Ila hesabu ni ileile: gharama kubwa iko kwenye kufuata mzigo, siyo kwenye kuupanga dukani.

Mzigo wangu ni utafiti. Chukua asali. Nikiingia porini na warina asali siku tatu, nalipa bodaboda, nalipa chakula, narudi na daftari limejaa: mizinga ya magome, mizinga ya magogo, nyuki wadogo wasiouma. Makala moja inakula labda robo ya daftari. Robo tatu zilizobaki ni stoo, na stoo hailipi mpaka uiuze.

Stanley alilijua hili. Mwaka 1871 alikuja Unyanyembe, hapa Tabora, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Gazeti likapata barua zake. 1872 akatoa kitabu cha safari hiyohiyo. 1873 akatoa hadithi ya vijana, My Kalulu. Juu yake akalipwa kwa kuhutubia. Safari moja, wateja tofauti. (Wapagazi waliobeba mizigo yake walilipwa mara moja tu, lakini hiyo ni mada nyingine.)

Mimi asali ile nimeitoa hivi: jarida la kilimo lilitaka namna ya kurina bila kuharibu mzinga. Muuza asali wa mtandaoni alitaka maelezo mafupi ya kuwaeleza wateja kwa nini asali ya nyuki wadogo ina bei. Kampuni ya utalii ilitaka pori lenyewe, pamoja na tembe la Livingstone pale Kwihara. Daftari moja, lakini kila mmoja nilimwandikia upya.

Sasa panapoumiza: haki. Mwaka jana mnunuzi mmoja aliweka mezani 150,000 kwa "haki zote" za makala ya nne. Ada ya shule ilikuwa inanisubiri, kwa hiyo msidhani ilikuwa rahisi. Nikamjibu: nipe 90,000, wewe uchapishe wa kwanza, baada ya miezi mitatu niwe huru kuiuza kwingine. Akanyamaza siku mbili. Halafu akakubali. Makala hiyo imeshauzwa tena mara mbili.

Ukiuza haki zote, kubadili kichwa cha habari hakukuokoi. Hakimiliki inalinda ulivyoandika. Lakini ukweli kwamba nyuki wadogo hawaumi hauna mwenyewe. Rudi kwenye daftari uandike kitu kipya, ilimradi mkataba haukukuzuia.

Ukiuza makala ileile mara ya pili, mwambie mnunuzi ilishatoka wapi na lini. Washindani wawili usiwape kitu kimoja, watakukimbia wote. Na mpigie tena mrina asali kabla hujatuma, maana bei ya msimu uliopita siyo ya leo.

Mimi kila makala naiandikia mstari mmoja nyuma ya daftari: nimemuuzia nani, haki gani, mpaka tarehe ngapi.